Umri, Ndonya na Mfupa wa Taya: Historia ya Kuzeeka kwa Kinywa katika Pwani ya Mtwara

1.0 Utangulizi

Katika kata ya Magomeni, Manispaa ya Mtwara Mikindani, kama ilivyo katika mitaa mingi ya pwani ya kusini, mzee anayelalamika kwamba meno yake yamelegea, au kwamba yamekuwa marefu kuliko yalivyokuwa ujanani, mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: uzee. Jibu hilo hutolewa nyumbani na barazani, na hata mahali pa tiba halikosekani. Huonekana kuwa jibu la hekima, kwa kuwa hakuna abishanaye na umri. Hata hivyo, jibu hilo lina matokeo. Likishatamkwa, uchunguzi hukoma, na njia inayobaki ni kung'oa.

Insha hii inachunguza jibu hilo kwa macho ya historia. Inauliza: ni kwa kiasi gani mabadiliko ya mfupa unaoshika meno ni kazi ya umri wenyewe, na ni kwa kiasi gani ni kazi ya mambo yaliyompata mtu katika maisha yake? Pwani ya Mtwara na mlango wa Mto Ruvuma inafaa mno kwa swali hili, kwa sababu vinywa vya wazee wake vimebeba kumbukumbu za mila, za kazi, za chakula na za uhaba wa tiba. Hoja kuu ni kwamba umri hupunguza kasi ya mfupa kujijenga upya, lakini si umri peke yake unaoula mfupa huo. Na kwamba kauli ya "ni uzee tu" ina historia yake, ambayo yapaswa kuandikwa kama historia nyingine yoyote.

2.0 Mfupa Usiotulia: Historia Fupi ya Wazo

Mfupa wa mtu hai si jiwe. Seli za aina moja, ziitwazo osteoklasti, huula mfupa mkuukuu. Seli za aina nyingine, osteoblasti, hufuata nyuma zikijaza mfupa mpya. Kazi ya kula humalizika kwa majuma machache, ilhali kazi ya kujenga huchukua miezi kadhaa. Kwa kuwa kubomoa ni kwepesi kuliko kujenga, upungufu mdogo katika kila mzunguko, ukirudiwa kwa miaka mingi, huacha nakisi.

Maarifa haya hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1771, John Hunter alichapisha huko London kitabu chake juu ya meno ya binadamu, akiyatazama meno na taya kama viungo vinavyobadilika katika maisha ya mtu. Mwaka 1892, Julius Wolff wa Berlin alieleza kwamba umbo la mfupa hufuata mzigo unaoubeba. Mwanzoni mwa karne ya 20, Carl Sandstedt alisukuma meno ya mbwa kwa waya, kisha akatazama mfupa kwa hadubini: upande uliobanwa mfupa uliliwa, na upande uliovutwa mfupa mpya ulijengwa. Katika miaka ya 1960, Harold Frost wa Marekani alionesha kwamba kula na kujenga ni kazi ya kikosi kimoja cha seli zinazoshirikiana.

Mfupa unaozunguka meno una tabia ya pekee miongoni mwa mifupa yote. Upo kwa ajili ya jino. Jino likitoka, nao huondoka. Jino halikugandishwa ndani yake, bali limetundikwa kwa nyuzi laini zenye upana wa takribani sehemu moja ya tano ya milimita. Kila tafuno husukuma nyuzi hizo, na mfupa hupokea habari. Kwa sababu hiyo, mfupa wa taya hujijenga upya kwa bidii kuliko mifupa mingi, na hivyo huonesha mapema athari za maisha.

Umri hufanya nini hapo? Nyuzi hupungukiwa na seli na kuwa nyembamba. Osteoblasti huwa chache na wavivu zaidi. Uboho uliokuwa ukizalisha damu hugeuka polepole kuwa mafuta. Kwa wanawake, kukoma kwa hedhi huondoa homoni iliyokuwa ikiwazuia walaji wa mfupa. Wakati huohuo, tabaka gumu linalofunika mzizi wa jino huendelea kuongezeka: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1958 ulionesha kwamba unene wake huongezeka takribani mara tatu kati ya umri wa miaka 11 na miaka 76. Kwa hiyo uzeeni si kila kitu kinapungua. Aidha, meno ya watu wazima bado huweza kusogezwa kwa waya, ingawa huanza kwa kuchelewa. Jambo hilo ni ushahidi kwamba uwezo wa mfupa kujijenga haufi, bali hupunguza mwendo.

3.0 Ndonya na Meno ya Kuchongwa

Historia ya vinywa vya pwani hii haiwezi kuandikwa bila kuitaja ndonya. Ndonya ni kipande cha mti, aghalabu mpingo, kilichovaliwa katika mdomo wa juu na wanawake wa Kimakonde na wa baadhi ya jamii jirani. Mdomo ulitobolewa msichana akiwa bado mdogo, ukawekewa kijiti chembamba, na kijiti kikabadilishwa kwa kikubwa zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Ndonya ilikuwa pambo, alama ya utu uzima na kitambulisho cha jamii. Vinyago vya mapiko, vinavyovaliwa kichwani katika ngoma za Wamakonde, vimeihifadhi sura hiyo: mdomo wenye ndonya, chale usoni, na mara nyingine meno yaliyochongwa yakawa na ncha.

Wageni waliopita hapa waliandika walichokiona. Mwezi Machi 1866, David Livingstone alifika kwenye mlango wa Ruvuma. Mikoko ilipomzuia kushusha wanyama wake, alielekea Mikindani na kuanzia hapo safari yake ya bara. Shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, inataja pambo hilo la mdomo miongoni mwa watu wa bonde la Ruvuma. Miaka 40 baadaye, mwaka 1906, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizuru Lindi, Masasi na Newala, akapiga picha wanawake waliovaa ndonya na kuyachapisha maelezo yake mwaka 1908. Wote wawili waliitazama ndonya kama ajabu ya sura. Swali linalobaki ni ilifanya nini nyuma ya mdomo.

Swali hilo laweza kujibiwa kwa hoja ya kimaumbile. Mfupa unaofunika meno ya mbele ya juu kwa upande wa mdomo ni mwembamba mno. Kwa watu wengi haufiki milimita moja. Kitu kigumu kikikaa hapo kwa miaka 30 au 40, kinaweza kuathiri kwa njia mbili. Kwanza, kwa msuguano: ufizi huumia kidogokidogo na kurudi nyuma, na mfupa mwembamba ulio chini yake huufuata. Pili, kwa msukumo: jino husukumwa kuelekea ndani ya kinywa, na mfupa hupangwa upya kuizunguka nafasi yake mpya, kama Sandstedt alivyoona kwa mbwa. Wataalamu wa mambo ya kale wamekuta alama za namna hii katika mafuvu ya watu wa kaskazini ya mbali ya Amerika waliovaa mapambo ya mdomo, na madaktari wa meno wa leo huona ufizi uliorudi nyuma kwa vijana wa mijini waliotoboa midomo. Hakuna sababu ya kudhani kwamba taya la mwanamke wa Kimakonde lilifuata kanuni nyingine.

Kuchonga meno nako kuliacha alama. Jino lililopunguzwa kwa patasi hupoteza sehemu ya ngao yake. Likifunuka hadi ndani, huoza kiini, na usaha hushuka hadi kwenye ncha ya mzizi na kuula mfupa. Jino lisilofunuka linaweza kudumu miaka mingi. Kwa hiyo wazee wawili wa rika moja, waliochongwa meno katika msimu mmoja, wangeweza kufika uzeeni wakiwa na mataya tofauti kabisa.

Ndonya ilianza kuachwa katika karne ya 20. Dini, shule, kazi za mkonge na za bandari, na siasa za ukombozi ng'ambo ya Ruvuma, vyote vilichangia. Kusini mwa mto huo, FRELIMO ilianza vita mwezi Septemba 1964, na Wamakonde wengi walivuka kuja Tanzania. Wasichana waliozaliwa baada ya hapo, kwa sehemu kubwa, hawakutobolewa. Leo wanawake waliobaki na tundu la ndonya ni vikongwe, na kila mwaka idadi yao hupungua.

4.0 Umri Unaosomwa katika Fuvu

Huenda msomaji akauliza: yote haya yana uzito gani nje ya historia ya mavazi? Jibu lipo katika namna sayansi ilivyojifunza kusoma umri kwenye meno. Mwaka 1950, Gösta Gustafson wa Sweden alipendekeza njia ya kukadiria umri wa marehemu kwa kutazama mambo sita katika meno: kuchakaa kwa uso wa jino, kurudi nyuma kwa kishikio cha jino, kujazwa kwa kiini, kuongezeka kwa tabaka la mzizi, kuliwa kwa mzizi, na kung'aa kwa ncha ya mzizi. Jambo la pili kati ya hayo sita ni hasa lile linaloathiriwa na ndonya, na la kwanza ni lile linaloathiriwa na chakula kigumu na patasi. Mtaalamu asiyeijua mila ya pwani hii, akikabidhiwa taya la mwanamke wa miaka 40 aliyevaa ndonya, angeweza kumhesabia miaka 60 bila kusita.

Tatizo hili si la kufikirika. Enzi za Wadachi, mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalipelekwa Berlin kwa ajili ya utafiti wa maumbile ulioongozwa na watu kama Felix von Luschan. Taasisi inayoyahifadhi sasa, Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia, ilichunguza asili ya mafuvu 1,135 na mwaka 2023 ikatoa matokeo yake: mafuvu 904 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania, na 22 na Kenya. Iwapo mabaki hayo yatarudi kwa jamaa zao, umri wa marehemu ni mojawapo ya dalili za kumtambua. Umri uliosomwa vibaya waweza kumtenga babu na ukoo wake kwa mara ya pili.

Lipo pia jambo ambalo mafuvu ya kale yametufundisha, nalo lapunguza haraka yetu ya kulaumu mfupa. Watafiti wa Uingereza waliopima mafuvu ya watu walioishi huko zama za Waroma waliona kwamba meno yaliyochakaa kwa kutafuna huendelea kupanda polepole kutoka katika taya, ili yakutane na wenzao wa upande wa pili. Mzizi hufunuka, na umbali kati ya shingo ya jino na ukingo wa mfupa huongezeka, ilhali mfupa wenyewe haujapungua. Kwa hiyo "meno marefu" ya mzee aliyetafuna ming'oko, muhogo mkavu na samaki wa kuanika maisha yake yote si lazima yawe ushahidi wa ugonjwa. Yaweza kuwa ushahidi wa jino linalofidia kazi lililoifanya.

5.0 Kauli ya Uzee Yapimwa

Katikati ya karne ya 20, wataalamu wengi waliamini mambo mawili: kwamba uvimbe wa ufizi usipotibiwa lazima uishie katika kupotea kwa mfupa, na kwamba watu wa nchi maskini huangamizwa na ugonjwa huo kuliko wengine. Kipimo kilichobuniwa na Albert Russell mwaka 1956 kilitumiwa katika nchi nyingi, na jedwali baada ya jedwali lilionesha ugonjwa ukipanda pamoja na umri. Mwaka 1964 iliandikwa kwamba umri na uchafu wa kinywa vyatosha kueleza karibu asilimia 90 ya tofauti zote. Umri ukawa mshtakiwa mkuu.

Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo hukumu hiyo ilikatiwa rufaa. Mwaka 1986, Vibeke Baelum na wenzake walichapisha uchunguzi wa Watanzania wenye umri wa miaka 30 hadi 69, ambao hawakuwa na huduma ya kutosha ya meno. Ukoga na uvimbe wa fizi ulikuwa mwingi. Mifuko mirefu ya usaha kando ya meno ilikuwa michache kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1988, Baelum, Fejerskov na Manji walichapisha matokeo ya watu 1,131 wa Machakos, Kenya, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Wengi wao walikuwa bado na meno yao mengi, na uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache na katika meno machache.

Matokeo hayo yaliafikiana na yale ya Sri Lanka, ambako Harald Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba ya chai kuanzia mwaka 1970 kwa muda wa miaka 15. Watu hao hawakutumia mswaki wala hawakutibiwa meno. Takribani asilimia 8 walipoteza mfupa kwa kasi, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe wa ufizi. Wote walizeeka kwa miaka ileile 15. Kama umri ungekuwa ndio mlaji, ungewala wote kwa kipimo kimoja.

Tofauti iliyopo kati ya "kuongezeka pamoja na umri" na "kusababishwa na umri" ndiyo kiini cha hoja hii. Mfupa uliopotea haurudi kwa urahisi. Kwa hiyo kila hasara ya ujanani huhesabiwa tena uzeeni. Mzee wa miaka 70 hubeba kinywani jumla ya hasara zote: ya ukoga, ya tumbaku na ugoro, ya kisukari kisichotibiwa, ya ndonya au patasi. Umri ni daftari ambamo madeni haya yameandikwa. Kulilaumu daftari kwa madeni ni kumwacha mdeni aende zake.

6.0 Tiba ya Kung'oa na Matokeo Yake

Kwa nini basi kauli ya uzee imedumu? Sababu moja ni historia ya tiba yenyewe. Kusini mwa Tanganyika, hospitali zilitangulia kuwa za misheni, na daktari mmoja alihudumia wilaya nzima. Leader Stirling, aliyefika kusini mwaka 1935 na baadaye kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alikuwa mmoja wa madaktari hao wa kila kazi. Katika mazingira hayo, jino lililouma lilitolewa. Mji wa Mtwara ulikua kwa haraka kutokana na mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Bandari ilibaki, reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mitaa kama Magomeni ikajaa watu wa bara na wa pwani. Mafunzo ya madaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalianza mwaka 1979 tu. Vizazi viwili vya wakazi wa Mtwara vilikuwa vimekwishazoea koleo kuwa ndilo tiba.

Kung'oa huondoa maumivu, lakini huanzisha mabadiliko makubwa ya mfupa kuliko yale ya uzee. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003, upana wa ukingo wa taya mahali palipong'olewa jino ulipungua kwa takribani nusu katika miezi 12, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi mitatu ya kwanza. Hakuna uzee unaokwenda kwa kasi hiyo. Kibogoyo mwenye mashavu yaliyobonyea, ambaye kila mtu humwona kuwa picha ya uzee, kwa kweli ni picha ya meno yaliyotolewa.

Wahenga wa pwani walisema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hiyo, iliyotungwa na watu walioijua biashara ya pembe za ndovu, ina ukweli wa kimaumbile: meno ya bandia hukalia ufizi, na mfupa ulio chini yake, usiopata tena mvuto wa nyuzi za jino, huendelea kupungua. Kinachouhifadhi mfupa ni jino lililo hai mahali pake.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba mfupa unaozunguka meno hujengwa upya maishani mwote. Kwamba umri huupunguzia kasi bila kuukomesha. Na kwamba katika pwani ya Mtwara hasara nyingi zilizoandikwa kwa jina la uzee zilitokana na sababu zenye tarehe na majina. Ndonya, patasi, ukoga, tumbaku na koleo ni mambo ya historia. Yana mwanzo, na mengine yamekwisha.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, vikongwe waliovaa ndonya, wakiridhia, wahojiwe na mataya yao yapigwe picha sasa, kwa kuwa ushahidi wao hautapatikana tena baada ya kizazi hiki. Pili, watakaokadiria umri wa mabaki ya watu wa kusini mwa Tanzania, yawe ya makumbusho ya ng'ambo au ya kesi za leo, wazingatie mila za kinywa kabla ya kutumia vipimo vilivyotungwa kwa watu wengine. Tatu, mzee afikapo kwa mganga wa meno na jino linalocheza, aulizwe kwanza habari za ufizi, sukari, tumbaku na mila, kisha asafishwe meno na kufuatiliwa. Uzee utajwe baada ya sababu hizo kuchunguzwa, kwa maana sababu hizo zinatibika.

Umri huja kwa kila aliyejaliwa kuishi. Pengo kinywani si sharti lije nao.